Loshoro Yangu ya Kwanza

Bup. Nakumbuka siku ile kwa mlio huo.

Sijafika umri wa kukuita mwanangu, lakini wewe unayetamani kufungua kabiashara kako, kaa hapa nikusimulie, mdogo wangu. Anayepika kwa kuuza husikiliza sufuria. Saa nne asubuhi ukichota, upawa unatakiwa ugonge chini ulie ngaa! ujue chakula kinakwisha. Wangu ulisema bup. Sufuria ilikuwa imejaa mtori, jua la Januari linachoma, na vijana wa hapa Daraja Mbili, Arusha, wanapita mbele ya kibanda changu wakijipepea kwa kofia.

Mtori nilifundishwa na mama, sisi kwetu ni Machame. Miezi ya baridi, mlima Meru ukijifunika mawingu mpaka miguuni, watu walijaa kwangu tangu alfajiri. Waliniita Dada Mtori, na jina hilo lilinikaa vizuri kama gauni la Pasaka. Ila joto likiingia, nani anataka ndizi na nyama za moto? Walitaka loshoro: mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa yakalainika, halafu yakachanganywa na maziwa mgando. Bakuli moja la baridi, mtu anashiba mpaka jioni.

"Dada Mtori, loshoro ipo?" aliuliza Lomayani, fundi wa kuchomelea mageti hapo jirani, Mwarusha mrefu mwenye maneno mengi.

"Imeisha."

"Imeisha lini na haijawahi kuanza?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka, halafu nikawatazama wakivuka barabara kwenda kula kwingine.

Ukweli ni kwamba sikujua kuipika, na kuuliza niliona haya. Mtu mzima, mwenye kibanda chake na jina lake, aanze kuuliza mahindi yanachemshwa vipi? Huku dada yangu anapiga simu kila jioni: kule Usa River kwenye mashamba ya maua wanachukua watu, rudi ukafunge maua kama zamani. Kazi ile naijua, na sitaidharau. Lakini kibanda kilikuwa changu. Nilikipaka rangi mwenyewe. Na niliona wazi kwamba mwezi ukiisha vile vile, nakifunga.

Basi nikaamua kupika kwa siri. Maziwa ya mtori huwa naletewa na Koko Naserian, bibi wa Kiarusha anayefuga kule Kikwe. Koko ndiyo bibi kwa lugha yao. Kwake sikuthubutu kuagiza mgando, angejua. Nikaenda kununua sokoni kwa mtu asiyenifahamu, kama nanunua kitu cha wizi vile. Kesho yake asubuhi nikachemsha mahindi, yakalainika, nikajisifu kabisa. Kisha nikafanya kile tunachofanya kwenye mtori: sufuria ikiwa jikoni, inatokota, nikamimina maziwa nikakoroga.

Mdogo wangu, mgando ulikatika wote. Maji ya kijani kijani juu, madonge chini, mahindi yanaogelea katikati. Nikaipua haraka, nikasukuma sufuria chini ya meza, nikaifunika na kanga.

Lomayani akafika, pua mbele. "Nasikia harufu ya mgando."

"Ya chai yangu."

"Ee! Wachaga siku hizi mnakunywa chai na mgando? Mtakufa nyie."

Alipoondoka akaingia Koko na kidumu chake cha maziwa. Nikamwamkia shikamoo, nikainamisha kichwa akanigusa, kama vijana wa kwao wanavyosalimiwa na wazee. Nilipokuwa bado nimeinama, yeye akawa ameshaona kanga chini ya meza. Akaivuta.

Alitazama ndani ya sufuria kwa muda. Nilidhani atacheka. Akauliza, "Mgando huu ni wa nani?"

"Wa sokoni, Koko."

"Mimi nakuletea maziwa mwaka mzima, halafu mgando unakwenda kununua kwa watu?"

Machozi yakanitoka. Nikamwambia niliona aibu. Sote hapa mtaani tunajua kwamba hata mtoto wa kwao anajua loshoro, mimi nitaanzaje kuuliza?

"Yeyo," akaniita. Ni mama kwa lugha yao, lakini ananiita hivyo mimi niliye mdogo kuliko wajukuu zake. "Ng'ombe wa kisasa alipoletwa kwangu mara ya kwanza, nilimkimbia. Mimi nimechunga tangu utoto. Huyu anakaa ndani, analetewa majani kama mgonjwa! Maziwa yakakauka. Unajua aliyekuwa anajua ng'ombe wale ni nani? Mke wa mwanangu. Binti niliyemtolea mahari. Nikaenda nikamwambia, nifundishe."

"Akasemaje?"

"Alishika mdomo kwa mshangao. Halafu akanifundisha. Ungekunywa nini leo kama ningeona aibu?"

Nikacheka na machozi yangu. Koko akavua shuka ya begani, akaitundika kwenye msumari, akaniambia niteleke mahindi mengine. Yalipolainika, kwanza tukayaacha yapoe, yapoe kabisa, mpaka ukitia mkono unauona ubaridi. Nilipotaka kuharakisha alinipiga kofi dogo la kiganja. Maziwa ya Koko ya siku ile yalikuwa bado hayajaganda, kwa hiyo akanituma kwa jirani anayeuza mgando, akaupiga kwa kipekecho, ndipo tukautia kidogo kidogo, pembeni, mbali na moto. Kumbe ujuzi wangu wa mtori ndio ulionidanganya. Mkono wangu uliijua njia moja tu, ukadhani ndiyo njia ya vyakula vyote.

Kwa hiyo nakuambia hivi, mdogo wangu. Siku utakayojua kitu kimoja vizuri, ndiyo siku utakayoanza kuogopa kuonekana hujui kingine. Uoga huo unakuja taratibu, umevaa nguo za heshima, unakwambia unalinda jina lako. Huku wateja wanavuka barabara. Muulize anayejua, hata kama ni mdogo kwako, hata kama ulimtolea mahari wewe. Wateja nao si wakali kama tunavyowaota. Lomayani alipoionja ile loshoro yangu alisema haijachachuka vizuri, niache mgando ukae zaidi, halafu akasukuma bakuli akataka nyingine. Wiki nzima wale mafundi walikuwa walimu wangu, kila mmoja na mapishi ya mama yake, wanagombana wenyewe mahindi yalainike kiasi gani. Dada yangu amechoka kunipigia simu ya Usa River. Sasa anapiga kuuliza kama bakuli limebaki.

Mungu akupe mikono isiyoona aibu kujifunza. Akupe Koko wako, na akupe wateja wenye maneno mengi na tumbo kubwa. Kibanda chako kisimame, jua liwake au mlima ujifunike.

Mchana ule Koko alipoondoka kuwahi gari la Kikwe, nilibaki peke yangu na loshoro iliyopoa, na dirisha la kibanda nililolifunga tulipoanza kupika bado limefungwa. Ningeweza kusubiri hadi kesho. Nilichukua kipande cha chaki, nikaandika kwenye ubao ulio chini ya dirisha, kwa nje, kwa herufi kubwa zilizopinda: LOSHORO IPO. NDIYO KWANZA NAJIFUNZA. KARIBU UONJE. Nikapangusa vumbi la chaki kwenye aproni, nikafungua dirisha lote.