Tui Likatike Kwanza

Nilikuwa bibi shamba wa Matombo, na katika wakulima wangu wote hakuna aliyenisumbua kama Otilia. Ukimwambia apande kwa mstari, anakuuliza, "Mstari unaliwa?" Lakini kwa iliki na pilipili manga hakuna aliyemfikia. Ndiyo maana biashara ya viungo ilipoachiwa huru, na mradi wetu wa kilimo ukatafuta wawili wa kwenda Thailand kuwaona wakulima wenzetu, tukaenda mimi na yeye.

Jambo moja lilijulikana kijiji kizima: Otilia hapikii nazi. Na Matombo nazi zinaanguka mlangoni! Miaka tisa nyuma, kwenye arusi ya binti wa dada yake Yuliana, Otilia ndiye aliyepika mchuzi wa kuku. Tui likakatika, mchuzi ukawa mabonge na maji. Yuliana akasema mbele ya wakwe, "Asiyezaa ana kinyongo, na kinyongo ndicho kilichokata tui." Jamani! Ndiyo maneno ya kumwambia mdogo wako hayo? Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na mashamba waliyoachiwa na mama yao yamepakana.

Siku moja nilimwambia, "Moto ukizidi tui linakatika, hata mtoto anajua."

"Kuni nilizitoa kwa mkono wangu," akajibu. "Niliacha makaa tu, nikaenda kuosha sahani. Sasa kama si moto, ni nini?"

Nikaona ameanza kumwamini dada yake. Iliniuma sana.

Huko Thailand, siku ya mapumziko, wenyeji wetu walitupeleka kwenye darasa la mapishi. Mwalimu alikuwa mama mfupi, mkali, anayegonga meza ukipiga soga. Otilia alipoona mchaichai unatwangwa pamoja na vitunguu na pilipili alicheka mpaka akashika mbavu. "Masikini, chai yetu hiyo!"

Kisha tukapewa tui zito, tulibandike kabla ya kitu kingine chochote. Mwenzangu akashika upawa, akawa anachota na kumimina, anachota na kumimina, jasho linamtoka. Mwalimu akaja akamnyang'anya upawa.

"Anasema acha," mkalimani wetu akatuambia. "Likatike kwanza."

"Likatike?"

Likakatika. Mafuta yakaelea juu, mwalimu akatia vile viungo vilivyotwangwa, na chumba kizima kikanukia. Otilia alikuwa amejishika kichwa.

"Mwulize," akamwambia mkalimani, "hivi ndivyo anavyolikata kila siku?"

"Kila siku."

"Ana watoto wangapi?"

"Sita."

Otilia alikula huku machozi yanamtoka, akasingizia pilipili. Mwongo mkubwa.

Tuliporudi hakupumzika hata siku mbili. Alinibebesha nazi tatu, yeye akabeba kuku na mchaichai, tukashuka hadi kwa Yuliana. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shikamoo, dada."

Yuliana alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama. Nilidhani hataitikia. "Marahaba," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Otilia aliomba mbuzi, akakuna nazi, akachuja, akabandika tui zito kwenye mafiga ya dada yake na kusukuma kuni ndani. Tui lilipoanza kuchemka kwa nguvu Yuliana akaruka kuzivuta zile kuni. "Litakatika!"

"Acha, dada. Ndivyo linavyotakiwa."

Likakatika mbele ya macho yao. Akatia viungo, akatia kuku, tukangoja, tukala kwa wali. Mchuzi ulikuwa mtamu, sisemi uongo. Yuliana alimaliza paja lake, akaweka mfupa pembeni, akaugeuzageuza kwa kidole.

"Siku ile ya arusi," akasema, "wakwe walishafika, nikaona chakula kinachelewa. Zile kuni nilizirudisha mimi."

Nikaacha kutafuna. Miaka tisa! Mimi ningemwaga mchuzi.

Otilia akamwongezea dada yake wali.

"Nilijua nilizitoa," akasema.