Silabi Iliyoniozesha

Nacheka sasa, lakini siku hiyo sikucheka. Miaka ya sabini nilikuwa karani wa Bruno, mhandisi Mwitaliano aliyetandaza mabomba ya maji Kibwezi. Kiitaliano nilijifunza mwenyewe kitabuni.

Jumatatu moja Bruno aliniuliza kwa nini mpishi wetu, Mutua, anaimba jikoni. Nilitaka kujibu kwamba alimwoa Kalekye Jumamosi. Nikasema kwa madaha, "Sposo Kalekye sabato."

Bruno akanikumbatia mpaka kofia yangu ikaanguka. Nikajiona mtaalamu.

Jumamosi akafika kwangu na mbuzi aliyefungwa utepe shingoni. Mke wangu alikuwa uani akipepeta pojo.

"Wewe Kalekye?" Bruno akamuuliza.

Ungo ukatua chini. "Baba Mwende, Kalekye ni nani?"

Nikaapa kwamba nilisema Mutua alioa. Bruno akashika kichwa.

"Hapana! Yeye alioa ni spo-SO, nguvu mwisho. Wewe sema SPO-so. Hiyo ni mimi naoa!"

Mke wangu akanitazama, kisha akamtazama Bruno, kisha akachukua kamba ya mbuzi.

"Sawa, nimeelewa," akasema. "Lakini hii mbuzi hairudi."