Ndege ya Dada

Dada yangu alipiga simu kutoka Mbeya, anakoishi na mumewe mtaa wa Soweto, akamwambia baba kwamba kesho anakuja Iringa kwa ndege. "Chakula cha mchana nitakula na nyinyi," alisema. Baba alifurahi, maana nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kupanda ndege.

Niliangalia kwenye simu: Mbeya mpaka Iringa, chini ya saa moja angani. Lakini siku ya safari mchana ulipita, dada hakutokea, na simu yake haikupatikana. Jioni shemeji akanipigia.

"Amefika salama? Aliondoka hapa alfajiri."

"Amefika, amelala," nikajibu. Sijui kwa nini nilimdanganya. Baba naye nikamwambia ndege imeahirishwa.

Dada aliingia kesho yake saa nne asubuhi. Alimsimulia baba jinsi mawingu yanavyoonekana ukiwa juu, baba akasikiliza mdomo wazi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyake. Vilikuwa na tope jeusi lililokaukia, na kwenye pindo la kitenge zilikuwa zimenasa pumba za mpunga. Nikatoka nje kumpigia rafiki yangu anayekata tiketi za ndege mjini.

"Mbeya kuja Iringa?" alicheka. "Hakuna ndege ya moja kwa moja, mpaka uzungukie Dar. Hiyo simu yako inapima mstari ulionyooka tu angani."

Nilimfuata dada jikoni, nikafunga mlango.

"Jana ulilala wapi? Una mwanamume?"

Alinitazama kama vile nimempiga kofi. "Nililala Ubaruku, kule kwenye mashamba ya mpunga," akasema taratibu. "Kwa kaka."

Nilikaa chini. Kaka yetu alikuwa ameoa binti wa Kiislamu, akafuata dini ya mkewe. Baba, mzee wa kanisa, alimfukuza na kukataza jina lake lisitajwe tena nyumbani.

"Ningesema nakuja kwa basi, baba angepiga simu kila kituo," dada aliendelea. "Kwa ndege, hana wa kumuuliza. Hata mume wangu sikumwambia, hajui kumficha baba kitu. Kaka amepata mtoto wa kike; nilitaka nimwone tu nipite, nikashindwa kuondoka. Amempa jina la mama."

Mama alifariki kaka akiwa ameshafukuzwa. Hata mazishini alisimama mbali, ng'ambo ya barabara. Niliona aibu kwa nilichokuwa nimemfikiria dada.

Wiki mbili baadaye nilimuaga baba kwamba naenda Kilolo kwa shangazi. Alinitazama kwa muda mrefu, akauliza shangazi anaumwa nini. Nikasema haumwi, nimemkumbuka tu. Nikapanda basi la kuelekea Mbeya, nikashukia njia panda ya Ubaruku.

Kaka alifungua mlango akiwa amempakata mtoto. Kabla hajanisalimia, alichungulia nyuma yangu, kulia na kushoto, aone nimekuja na nani.

"Niko peke yangu," nikamwambia.

Ndipo akanipa mtoto nimshike.