Sufuria ya Jumamosi

Jumamosi iliyopita nilipakatishwa sufuria, nikaogopa. Wewe unayenijua utacheka, maana unajua mimi si mtu wa kuogopa vyombo vya jikoni.

Nina miezi mitano hapa Kampala. Bado napotea nikirudi chumbani, bado nanunua nyanya kwa kunyoosha kidole kama bubu. Wenzangu wa kazini, mafundi cherehani kama mimi, waliona nanyong'onyea wakaamua kwamba mwisho wa juma hawataniacha nikae peke yangu kuhesabu mabati. Kila Jumamosi wananivuta kwenda mahali. Safari hii ilikuwa Entebbe, ziwani. Ndani ya gari mmoja wao akaniambia nimshikie chakula, akaniwekea mapajani sufuria ya samaki iliyofungwa kwa kitambaa, bado ya moto. Joto lilipopenya hadi kwenye magoti, mimi sikuwa tena Uganda. Nilikuwa na miaka kumi, juu ya lori, katika barabara ya Swima, na nilikuwa na hofu.

Sijawahi kukusimulia Jumamosi zile. Hadi juma hili sikuwa nimemsimulia mtu yeyote.

Watu wakisikia ughaibuni wanafikiria theluji. Ughaibuni kwangu mimi ulikuwa mji wa Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Tulitokea Rumonge, upande wa Burundi, mwaka ambao majirani walikuwa wakifunga milango na kuondoka bila kuaga. Tulivuka ziwa watatu: mama, mimi na mdogo wangu wa kike. Baba alibaki. Michikichi yake ilikuwa imeiva, na baba yangu hakuwa mtu wa kuacha ngazi za chikichi zioze mtini eti kwa sababu wakubwa wamegombana. Alisema akishakamua mawese atakuja na madumu yake, tuanze maisha na kitu mkononi. "Mnisubiri Jumamosi," akasema pale ufukweni, huku akimfunga mdogo wangu kifungo cha sweta. Hakusema Jumamosi ipi, na mama hakumwuliza.

Baraka ilinishinda mwanzoni. Pikipiki zilipita zikipiga honi bila sababu, ndagala, dagaa wa kule, zilianikwa kila penye uwazi na harufu yake ikaingia hadi kwenye daftari. Bukari lao, ugali wa muhogo, lilikuwa linavutika, nikitia tonge mdomoni sijui nitafune au nimeze. Shuleni mwalimu alisema Kifaransa, kwenye mapumziko watoto walisema Kiswahili chao, na mimi nilikuwa na cha kwetu ambacho waliona ni cha kuchekesha. Hata siku za juma nilijifunza upya. Jumatano ilikuwa siku ya tatu, na Jumamosi waliita posho. Nilijifunza haraka, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili, kwa sababu sikupenda kuchekwa.

Tulipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, Mprotestanti wa kuimba alfajiri, mzaliwa wa pale pale. Naye aliwahi kukimbia vita katika ujana wake, akaishi ng'ambo miaka mingi kabla ya kurudi kwenye kiwanja cha baba yake. Ndiyo maana hakutuuliza maswali mengi. Alimpa mama kinu chake cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, akamwonyesha mahali pa kulowekea mihogo, akasema, "Mama, hapa ni kwako. Batoto bako ni batoto bangu. Kama banalia usiku, mi nitaamuka na we."

Kila posho mama alitupeleka Swima. Wavuvi walikuwa wamemwambia kwamba mitumbwi inayotoka kwetu hupenda kufikia huko, kwa sababu mbele ya Baraka rasi ya Ubwari imekaa kama ukuta. Mdogo wake bibi alikuwa dereva wa lori la kupeleka bidhaa kwenye vijiji vya mwambao, akakubali kutubeba. Kwa majirani mama alisema tunaenda kutembea, batoto wapate hewa ya ziwa. Alisema hivyo huku amevaa kitenge chake kizuri, na amebeba sufuria.

Sufuria ile ndiyo nataka kukuelezea. Juma zima tulikula sombe na bukari, na ndagala siku njema. Ijumaa mama alitafuta mukeke, samaki wa ziwa lile, mmoja, mnene kadiri alivyoweza, na Jumamosi asubuhi alimpika kwa mawese na nyanya na ndizi, kama baba alivyopenda. Aliufunga mfuniko kwa kitambaa, akanipakatisha mimi kwenye lori. Hakuna aliyeruhusiwa kuonja. Kilikuwa chakula cha baba, ashuke mtumbwini akute mtu amempikia.

Baba asiposhuka, mama alikuwa na sheria yake. Chakula hicho hakirudi nyumbani. "Nikikirudisha," alisema, "nitakuwa nimemrudisha yeye nyuma." Kwa hiyo mtumbwi wa mwisho ukishaingia bila baba, mama alifungua kitambaa, na sisi wawili tukala mukeke mzima, pale kwenye jiwe pana lililokuwa karibu na maji. Yeye hakula. Alitutazama, kisha akaiosha sufuria ziwani na kuisugua kwa mchanga hadi ing'ae.

Umeshaona tatizo liko wapi. Baba akija, samaki ni wa baba. Baba asipokuja, samaki ni wetu.

Barabara yenyewe ilikuwa ya mashaka. Kulikuwa na barieri moja ambapo askari walipanda kuangalia nani yuko juu ya mizigo, na mama hakuwa na karatasi za kutosha. Dereva alitufundisha: mukifika pale, batoto balale. Nililala macho yamefumbwa, sufuria inaniunguza mapaja, nasikia viatu vya askari vikikanyaga magunia. Mara moja kiatu kilisimama karibu na sikio langu.

"Na hii sufuria, iko na nini?" askari akauliza.

"Chakula ya bwana yangu," mama akajibu, kwa Kiswahili cha pale alichokuwa amekifanyia mazoezi juma zima.

"Bwana yako iko wapi?"

"Iko ananingoja Swima."

Askari akashuka. Mimi nilibaki nimefumba macho kilomita nzima. Mama alikuwa amesema uongo kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nilitamani kuuamini.

Swima tuliketi kwenye jiwe letu. Akina mama wa pale walipanga samaki kwenye mabeseni, watoto wao waliogelea, watu wakiuziana na kutaniana. Mtumbwi ukionekana mbali, mama alisimama. Hakupunga mkono wala kusogea, alisimama tu hadi nyuso za watu zionekane, kisha akakaa tena. Siku nyingine alisimama mara nne, siku nyingine mara saba. Mdogo wangu alifurahia safari zile kama sikukuu. Mimi pia nilizifurahia, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia, kwa sababu baada ya muda nilianza kutazama mitumbwi kwa jicho jingine. Mtumbwi ukiingia bila baba, kabla sijahuzunika, tumbo langu lilikuwa limeshafurahi.

Ijumaa moja mama alirudi sokoni na mukeke ambao sijaona mwingine wa ukubwa ule. Mkia ulitokeza nje ya beseni. Siku hiyo mama hakuongea sana, lakini hakuwa muongeaji, sikuona ajabu. Jioni bibi mwenye nyumba alituita kwenye maombi kama kawaida, tukapiga magoti kwenye mkeka, kila mtu akaomba kimoyomoyo. Mimi nilimwombea baba, kama siku zote. Halafu nikaongeza. Nilimwambia Mungu: alete baba, lakini si kesho. Amlete Jumamosi ijayo.

Nilisema hivyo. Kwa ajili ya samaki.

Kesho yake kwenye barieri askari hawakupanda. Swima jua lilikuwa kali na ziwa limetulia. Mtumbwi wa kwanza ulipoonekana nilimtazama mama, ili nijue anaona nini. Mama hakusimama. Alikuwa ameelekeza uso kwenye milima, upande ambao hakuna mtumbwi unaoweza kutokea. Wa pili ukaja, hakusimama. Nikamgusa kitenge, nikamwambia, "Mama, mtumbwi." Akasema ameuona.

Kutoka katika mtumbwi huo alishuka mzee mmoja, wa kwetu, nilimjua kwa namna alivyojifunga shuka. Wenzake walipokelewa, wakabebewa mizigo, wakaondoka. Yeye alibaki amesimama kwenye maji ya kifundo cha mguu, anageuza kichwa huku na huku, anatafuta mtu wa kumpokea. Hakukuwa na mtu. Mama akamtazama muda mrefu. Kisha akainuka, akanichukulia sufuria mapajani, akaenda nayo hadi majini na kuifungua mbele yake.

"Karibu, mzee wangu," akamwambia. "Ule. Kimepikwa kwa ajili ya mtu anayefika."

Mzee yule alikula amechuchumaa, hadi kichwa cha samaki, ambacho mama hakuwahi kuturuhusu tukiguse hadi dakika ya mwisho. Mdogo wangu akaanza kulia kwamba samaki wetu anakwisha. Mama akarudi kwenye jiwe, akatukalisha mmoja kila upande, akasema, "Baba yenu hatakuja. Mtumbwi wake umepinduka. Wengine wameokolewa, yeye hapana."

Hakusema lini, na sikumwuliza. Kwa nini nimwulize? Mimi nilijua. Niliomba Ijumaa jioni asifike kesho, na kesho ilikuwa imefika, na yeye hakufika. Nilikaa pale mikono ikiwa tupu, magoti bado yana joto la sufuria, nikajua kwamba nimemzamisha baba yangu kwa ajili ya mukeke. Mama aliniona silii akadhani nimekuwa mtu mzima. Alinishika kichwa, akanisifu. Sifa ile niliibeba kama mwizi aliyesifiwa uaminifu.

Hatukwenda tena Swima. Posho zikawa siku za kufua na kuloweka mihogo. Nilikua, nikajua Kiswahili cha Baraka hadi wageni wakanidhania mwenyeji, mama akarudi Rumonge kwenye michikichi, mdogo wangu akaolewa, nikajifunza cherehani. Samaki nilimwacha. Watu wakiniuliza nasema ananidhuru, na si uongo.

Basi baada ya siku ile ya Entebbe sikulala vizuri. Juma hilo hilo niliomba ruhusa nikasafiri. Nilifika Baraka kwa pikipiki, nimejaa vumbi, na nusura nisiitambue. Ziwa limepanda. Ufukwe tuliochezea umeliwa, nyumba za mstari wa mbele zimebaki kuta ndani ya maji, na vijana wanafunga mitumbwi kwenye madirisha. Swima ni hivyo hivyo, nilikwenda. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa anauza ndagala jiwe pana liko wapi, akanionyesha katikati ya maji kwa kidevu.

Bibi mwenye nyumba bado yuko. Haoni vizuri, lakini aliponisikia nikisema hodi alipiga vigelegele vyembamba. Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Kinu chake bado kiko pembeni pale pale, kimepasuka, wanakitumia kuwekea maji ya kuku. Tuliketi, na mimi, mwanamke mzima, nikaanza kulia mbele yake, nikamwambia yote: sufuria, maombi, mkeka wake ule ule. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Ijumaa?" akauliza. "Uliomba ile siku ya tano, kwenye maombi ya hapa?"

"Ndiyo, bibi."

"Mutoto wangu." Akatikisa kichwa. "Habari ya baba yako ilifika siku ya tatu ya ile juma. Mi nilikuwa natwanga sombe, mama yako akaingia, akaanguka hapa hapa kwa kinu. Alilia mu nyumba yangu siku mbili, we ulikuwa ku masomo. Aliniambia, bibi, we usibaambie batoto, mi nitabaambia mi mwenyewe kule Swima, bakishakula muzuri. Ndo akaenda kununua ile samaki mukubwa. Ilikuwa yenu. Haikuwa ya baba yako."

Nje pikipiki zilipita zikipiga honi bila sababu, kama zamani. Bibi aliendelea kunishika mkono, labda akidhani sijaelewa, naye akaanza kunirudia taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni siku za juma. Nami nikahesabu pamoja naye kwenye vidole vyangu, mara mbili, mara tatu, kuhakikisha: siku ya tatu, siku ya ine, siku ya tano.