Kuku wa Mama Mkwe

Kinyozi wetu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, ana kibanda chake cha kunyolea mbele ya nyumba yake mwenyewe, ukuta mmoja tu ukitenganisha kiti cha wateja na jiko la mkewe. Nyuma kuna ua, na uani walikuwepo kuku wa kienyeji ambao hawakuwahi kukubali kwamba wana mwenyewe. Walitaga walikojisikia: kwenye kapu la nguo chafu, ndani ya buti la mvua, chini ya gari bovu la jirani, ambaye msimamo wake ulikuwa kwamba kilicho chini ya gari lake ni chake. Na kuku akishafikisha mayai machache, basi, anayaatamia. Anavimba manyoya, anamdonoa kila anayesogea, na wiki nzima nzima hakuna mayai, kuna ugomvi tu.

Fundi hakuwa na neno na hali hiyo mpaka mama mkwe wake alipokuja kukaa nao baada ya kufanyiwa upasuaji wa jicho. Mama hakuwa na makuu. Asubuhi alitaka chai na yai moja la kuchemsha. Lisipopatikana, hagombi. Anaguna, kisha anauliza kwa upole, "Mwanangu, hawa kuku ni wenu au mnawatunzia watu?"

Swali hilo lilimkosesha Fundi raha kuliko tusi. Lakini kilichommaliza kabisa ni siku ya mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu alifika asubuhi, suti ya kijivu, mkunjo wa suruali umesimama wima, anakwenda kwenye mkutano wa wazazi. Fundi alikuwa amegeuka kutikisa shuka la kunyolea. Mwalimu akaketi. Pwaa! Yai. Wawili hao wakatazamana kwenye kioo, na chini ya kiti akatoka kuku mweusi akitembea taratibu kama mtu aliyekwisha kuhudumiwa. Suruali ilifuliwa uani. Mwalimu akaenda mkutanoni na suruali ya Fundi, ambayo iliishia juu kidogo ya soksi, na inasemekana wazazi siku hiyo hawakuuliza maswali mengi.

"Nanunua chotara," Fundi akamwambia mkewe jioni. "Kuku wa mayai. Wanataga kwenye banda, kila siku, bila maneno."

"Nenda na mama," mkewe akasema. "Usipokwenda naye, atawatia kasoro mpaka manyoya."

Wakaenda wote wawili kwa mama mmoja anayezalisha vifaranga na kuuza mitetea iliyokaribia kutaga. Alikuwa nao katika vyumba vitatu vya wavu. Fundi, mtu wa vichwa, akasimama kwa wale wenye madoadoa, wamejaa, vishungi vimekaa kama vimechanwa.

"Hawa!" akasema. "Tazama kichwa hicho!"

"Unataka mayai au unataka pambo?" muuzaji akamuuliza. "Huyo ni mzuri kwa nyama. Mayai atakupa, lakini si kwa wingi, na anakula kama mgeni aliyesahau kuondoka."

Mama mkwe akakohoa. Fundi akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Wa pili walikuwa weupe, wembamba. "Hawa wanataga kuliko wote," muuzaji akaeleza, "ila wana wasiwasi." Mama akaingiza mkono ndani ya wavu, na chumba kizima kikaruka juu kwa kelele.

"Hapana," mama akasema akijipangusa vumbi. "Mimi mwenyewe nina presha."

Wa tatu walikuwa wa rangi ya udongo mwekundu, hawana sura ya kuringia. Mmoja akasogea, akamwangalia mama kwa jicho moja. Mama, ambaye jicho lake la pili lilikuwa bado limefunikwa, akamwangalia vilevile. Kuku akadonoa kifungo cha sweta lake.

"Hawa wanaatamia?" mama akauliza.

"Hawaatamii, mama. Ni kutaga tu."

"Sasa vifaranga wanaletwa na nani?"

"Na mimi," muuzaji akajibu akicheka.

"Ndiyo maana unacheka hivyo."

Muuzaji akacheka zaidi. Akawaonyesha wa kuchagua: yule ambaye upanga wa kichwani umeanza kuwa mwekundu, na anayechuchumaa ukimwekea mkono mgongoni. Wakachukua sita.

Fundi alikuwa amewajengea viota kwa mapenzi ya kazi yake: amepaka rangi, ametia taa, na kwenye kila kiota amebandika kipande cha kioo. Siku zikapita. Kuku wanakula, wanajitazama, hawatagi. Yeye anawawekea redio. Mama amekaa mlangoni na kikombe cha chai kisicho na yai.

"Labda wanasubiri zamu yao ya kunyolewa," akasema.

Mkewe ndiye aliyechoka. Alitoka jikoni, akang'oa vioo, akazima taa, akatundika vipande vya shuka kuukuu mbele ya viota. "Ungekuwa wewe," akamwambia mumewe, "ungeweza kujifungua mbele ya kioo, taa inakumulika, na taarifa ya habari juu?"

Kesho yake lilikuwepo yai dogo, la kahawia, bado lina joto. Fundi alilipeleka mezani mikononi kama amebeba mtoto. Mama akalila, akaguna, lakini mguno huo ulikuwa wa aina nyingine.

Baada ya hapo mayai yakawa mayai. Yalikuwepo asubuhi, yalikuwepo jioni, na mimi mwenyewe niliwahi kunyolewa nikapewa mawili niende nayo. Mama akawa ndiye anayewapa maji na kuwavunjia maganda ya mayai wapate chokaa. Ukimkuta huko bandani, anasema nao. Ukimuuliza anasema nini, anasema alikuwa anakohoa.

Jicho lilipopona akafunga mizigo. Siku ya kuondoka alizungukazunguka uani, akagusa hiki, akasogeza kile.

"Mama, chukua wawili," Fundi akasema.

"Niwapeleke wapi? Kuku wasiojua kulea?" Alikuwa tayari ana boksi lenye matundu chini ya kitanda.

Siku hizi anapiga simu kila asubuhi, na hamtaki binti yake, anamtaka Fundi. Wateja tunasubiri kichwa nusu huku wawili hao wakijadili pumba, maji, na nani ametaga kwanza. Binti mtu husimama mlangoni akingoja naye asalimiane na mama yake, mwisho anarudi zake jikoni.