Nikiwa Ndani ya Gunia, Niliinamisha Kichwa

Mimi ndiye niliyemmaliza Karanja. Sikumpiga, sikumgusa. Niliinamisha kichwa tu, na kichwa kilikuwa changu, hakuna aliyekisukuma.

Juzi kwa mjukuu wangu walikuwa wanatazama filamu. Baba mmoja amefiwa na mtoto, sasa anawatafuta waliomuua na kuwamaliza mmoja mmoja. Watu wanapiga makofi! Mjukuu akanigeukia mimi babu yake: "Guka, huyu si ndiye mwanaume?" Nikasema chai imepoa, nikatoka nje. Chai haikuwa imepoa.

Miaka ya hamsini tuliishi shamba la mzungu huko Bahati. Pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, ng'ombe, na mvua ile ya zamani, si hii ya sasa ya kubembelezwa. Karanja alitunza josho, ule mtaro wa dawa wa kuogeshea ng'ombe ili kupe wafe. Pia alikata akala, viatu vya tairi. Zangu alizikata yeye, huku akicheka: "Baba Nyambura, miguu yako itanimalizia tairi nzima ya lori!"

Nyambura alikuwa binti yangu wa pekee. Asubuhi moja alikuta lango la josho liko wazi, akaingia, akatumbukia. Tulimtoa amekwisha kufa, ananuka dawa.

Karanja alikuja kwangu, akavua kofia. "Lango nilifunga, ndugu yangu."

Nilimpa mgongo. Nyumbani nikasema kwa sauti, mama Nyambura akisikia: aliyeacha lango wazi nitamuua.

Baadaye serikali ikaja kuchuja watu, ikitafuta Mau Mau, walioapa kuwaondoa wazungu. Mtu alivalishwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Unapita mbele yake. Akiinamisha kichwa, umekwisha, panda lori. Wengine walilazimishwa kulivaa. Mimi nilijitolea. Ole wangu, nilijitolea!

Gunia lilikuwa la pareto, linawasha pua. Watu wakapita, wakapita. Karanja akafika. Hakuwa amekula kiapo chao, maskini, hata nyimbo zao aliogopa kuimba. Nikainamisha kichwa.

Hakutazama macho yangu. Alitazama miguu yangu. Akala alizonikatia yeye.

"Baba Nyambura," akasema polepole, "lango nilifunga."

Askari akamsukuma kwenye lori.

Nilingoja kusikia raha. Nilisikia njaa tu. Nikaenda nyumbani, nikala viazi.

Waliotoka kizuizini ndio walioleta habari kwamba alikufa huko. Siku hiyo mama Nyambura alikuwa anachambua maharagwe. Hakuacha kuchambua.

"Ni mimi nilipitia josho na mzigo wa kuni. Sikurudisha lango."

"Na ukanyamaza?"

"Ulisema utaua. Ningesemaje?"

Sikumfanya kitu. Tuliishi hivyo mpaka akafa, tukiulizana chumvi iko wapi, tukiambiana mvua inakuja. Mjane wa Karanja alinisalimia kila tulipokutana, hakujua lolote. Salamu hiyo, wee! Na akala zile zilikuwa za tairi nzuri. Zilikataa kuisha.

Wewe uliyefiwa na mtoto, lia. Vunja vyungu ukitaka. Lakini usitangaze nyumbani kwako kwamba utaua. Mwenye ukweli pengine yuko hapo hapo jikoni, anakupikia, anakusikia. Utamfunga mdomo, halafu utatoka nje kutafuta shingo ya mtu mwingine.