Chumvi ya Kwarara

Kwarara nilimzoea bara kabla hajafika kwetu Likoni. Ni ndege mkubwa wa kijivu, mdomo mrefu uliopinda, kelele zake kama za mtu anayeng'olewa jino. Kule Nakuru, nilikopita kwa vibarua, niliacha kazi ikinisubiri nikawatazama wakidonoa minyoo kwenye nyasi. Nilisoma mahali kwamba wanasogea wenyewe, mwaka baada ya mwaka, wakifuata nyasi zinazomwagiliwa maji.

Basi asubuhi niliporudi nyumbani na kuwasikia juu ya mwarobaini wa mama, nilifurahi kana kwamba nimekutana na wasafiri wenzangu.

Mama alikuwa uani, amechutama mbele ya jiko la makaa, kanipa mgongo. Ndege walipolia alichota chumvi koponi akaitupa motoni, ikapasukapasuka. "Kama ni kheri, tua. Kama ni shari, pita."

Nikacheka. Akageuka, akaniona.

"Mama, huyo si bundi," nikamwambia. "Hana uchuro wowote. Ni ndege wa bara, amehamia. Amefuata nyasi za zile nyumba mpya." Nikaendelea na habari za minyoo, mvua, na ule mdomo unavyofanya kazi.

Jirani yetu, aliyekuja kuomba kaa la moto, alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ahsante, mwalimu," akasema, naye yuajua fika kwamba shule niliiacha darasa la saba. "Chumvi hiyo mamako anaitupa tangu Ramadhani. Wajua ni kwa ajili ya nani?"

"Mwache, shoga," mama akasema.

"Simwachi. Ndege katoka bara, na mwana yuko bara, simu yake haishikiki. Ungekuwa wewe, ungedhani kaleta habari gani?"

Laini nilibadilisha kule Nakuru. Kumpa mama nambari mpya, nikasema nitampa kesho, na kesho yake nikasema vivyo hivyo.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba sijamwamkia. Nimemweleza habari za ndege kabla ya kumpa shikamoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikuwa akitazama begi langu, ambalo bado lilikuwa begani.

Jirani alichukua kaa lake akaondoka. Juu ya mwarobaini wakalia tena. Mama akatia mkono koponi, akatupa chumvi motoni, na safari hii nikashusha begi chini.